Shamba la Ndivani na Wakili Aliyeuliza Swali Moja

Hapo zamani, na msidhani nasema zile zamani za fisi kuongea na sungura kumjibu, la, ni zamani hizi hizi za mhuri wa mtendaji na picha ndogo za pasipoti, alifariki mzee mmoja huko milimani Upare aliyeitwa Sifueli. Alikuwa mpole, Msabato wa kweli, mkulima wa tangawizi. Aliacha nyumba ya bati na mashamba mawili. Moja lilikuwa bondeni, kavu. La pili lilikuwa juu, limepakana na ndiva, lile bwawa walilochimba wazee wetu ili maji yajikusanye kisha yafunguliwe mashambani kwa zamu. Hilo la juu waliliita shamba la Ndivani. Mwenye Ndivani alikula, mwenye bondeni alisali.

Aliacha pia watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Eliezeri, mwanamume wa makamo, mwenye sauti kubwa. Wa pili alikuwa Naetwe, mwanamke, karani wa chama cha ushirika, aliyezoea karatasi kama wengine walivyozoea jembe. Eliezeri alikuwa na mke, Zipora, kiongozi wa akina mama wa Dorkasi kanisani, mtu wa maneno machache. Watu wa hadithi yangu ndio hao, na wengine wawili watatu watakaoingia wakiitwa.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kikao sebuleni kwa marehemu. Mwenyekiti wa ukoo, Mzee Mbonea, akasema, "Leo tunamchagua msimamizi wa mirathi. Jina lake litaandikwa kwenye muhtasari, muhtasari utakwenda mahakamani." Eliezeri akajiweka sawa kitini na kufunga kifungo cha juu cha shati. Alijua ni yeye. Nani tena, na yeye ndiye mkubwa? Mzee Mbonea akawatazama wenzake, akasema, "Tumemwona Naetwe."

"Kwa nini si mimi?" Eliezeri akauliza.

"Mwanangu, wewe una kesi saba kwenye baraza la ardhi. Kuna ya mpaka, kuna ya mbuzi, kuna ya mparachichi wa jirani, na nyingine hata wewe umesahau zilianzia wapi. Mwenye kesi saba hatumtwishi ya nane."

Watu wakacheka. Mpare na kesi ni chanda na pete, tunajijua wenyewe, hatuhitaji mtani wa Kichaga aje atuambie. Lakini Eliezeri hakucheka. Alimtazama mdogo wake akitia saini kwa mwandiko mzuri wa karani, na kijiba cha roho kikamkaa hapo hapo. Aliona wivu, na nasema wivu kwa jina lake, maana yeye mwenyewe aliuita uchungu wa kufiwa.

Akajaribu njia ya pili. "Basi tutafute wakili. Mambo ya mirathi si ya kwenda mikono mitupu."

"Wakili wa nini, kaka?" Naetwe akamjibu. "Hii ni Mahakama ya Mwanzo. Fomu zipo, karani yupo, na hakimu anaongea Kiswahili kama sisi. Kinachotakiwa ni miguu na subira."

Basi Naetwe akaanza safari. Akaenda kwa mtendaji, akarudi na barua. Akafuata cheti cha kifo, akaambiwa rudi kesho, akarudi kesho, akaambiwa rudi Jumatatu, akarudi Jumatatu. Akaenda mahakamani, tangazo likabandikwa, akahesabu siku mpaka zikatimia. Kila aliporudi watu walimuuliza, "Hujachukua wakili?" naye akajibu, "Wakili wa nini?" Na kila aliposhuka mlimani, Eliezeri alisimama barazani kwake akamwombea karatasi zipungue moja. Hazikupungua. Barua ya usimamizi ilitoka, wanawake wakampigia Naetwe vigelegele, na kuanzia siku hiyo hakuitwa tena Naetwe. Dukani aliitwa msimamizi, kanisani aliitwa msimamizi. Jina lile likamwingia Eliezeri kama mchanga kwenye wali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Shamba la Ndivani lilikuwa la Sifueli, lakini aliyelilima alikuwa Mzee Kajiru, jirani. Aliazimwa miaka ishirini na sita nyuma, watoto wake walipokuwa wadogo na njaa ikiwa kali. Mila ya kwao juu ya shamba la kuazima ni hii: kila mwaka, baada ya mavuno, aliyeazimwa humpelekea mwenye shamba kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa. Kibuyu kikipokelewa, maana yake shamba bado ni la mwenyewe na mwazimwa ameshukuru. Kikikataliwa, maana yake mwenye shamba amejitoa, hana tena neno na ardhi ile. Na kibuyu kilichokataliwa hakirudi nyumbani, huachwa mpakani.

Marehemu Sifueli hakuonja pombe maisha yake yote. Lakini kila mwaka alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante, akamsindikiza Kajiru mpaka njiani, kisha akaenda kuimwaga kwenye migomba. Naetwe aliiona ile pombe ikimwagwa tangu utotoni. Alichojifunza ni kwamba pombe humwagwa.

Mwaka ule Mzee Kajiru akapanda na kibuyu chake kama kawaida, na majirani wawili wa kumsindikiza. Eliezeri alikuwa barazani ananoa panga. Akawaona wanapita. Alijua wanakwenda kufanya nini, na alijua mdogo wake hajui. Ingemgharimu sauti moja tu: Naetwe, pokea. Alifungua kinywa. Kisha akakumbuka vigelegele, akakifunga. Moyoni akasema, "Si ndiye msomi? Msomi na ajue mwenyewe." Akaendelea kunoa.

Naetwe akafungua mlango. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Sifueli. Tumeleta kibuyu cha nyumba hii."

"Mzee wangu, samahani sana. Nyumba hii haipokei pombe."

Kajiru akauliza, "Umesema hampokei?"

"Hatupokei, mzee. Ungeleta hata ndizi."

Kajiru hakubishana. Aliwatazama wale majirani wawili, nao wakamtazama, wakashuka. Eliezeri akaona kibuyu kinapita tena mbele ya baraza lake, kimejaa, kimezibwa vile vile. Naye, Mungu amsamehe, aliona raha. Panga lilikwishapata makali zamani, lakini alilinoa mpaka jua likachwea.

Naetwe alipopeleka mahakamani orodha ya mali za marehemu, akaandika nyumba, akaandika shamba la bondeni, akaandika shamba la Ndivani. Haikupita wiki mbili, Mzee Kajiru akaweka pingamizi. Ndivani ni langu, alisema, na mashahidi ninao wawili, msimamizi mwenyewe alikataa kibuyu mlangoni.

Kijiji kikatetemeka, ukoo ukakaa tena. Naetwe aliinamisha kichwa. Mzee Mbonea alikuwa na hasira ya wazi. "Bila Ndivani, mirathi hii ni bati na vumbi," akasema. "Basi andikeni kwenye muhtasari. Yeyote wa nyumba hii atakayelitoa shamba kinywani mwa Kajiru, Ndivani litakuwa fungu lake. Yaliyobaki watagawana wengine." Naetwe akatia saini. Eliezeri naye akatia saini.

Kesho yake Eliezeri alilifungua dume lake kubwa la ng'ombe zizini, akaliuza, akateremka Same mjini kutafuta wakili. Akampata mwanamke wa Kichaga aitwaye Aikande, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na meza yenye mafaili mengi.

"Shida yako nini, mzee?"

"Nataka msimamizi wa mirathi ya baba yangu aondolewe."

"Ameiba?"

"Hapana."

"Amegawa kwa upendeleo?"

"Hajagawa bado."

"Sasa amefanya nini?"

"Amekataa kibuyu," akasema Eliezeri, na akaeleza yote. Wakili akaandika. Alipomaliza kuandika akamtazama juu ya miwani.

"Siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Barazani kwangu. Nilikuwa nanoa panga."

"Mila hiyo ulikuwa unaijua?"

"Tangu utotoni."

"Ulimwambia dada yako?"

Eliezeri akatazama mafaili yale mezani. Wakili akafunga kalamu yake. "Haya. Mimi siwezi kumwondoa msimamizi wakati mtu mwingine anaondoka na shamba. Ukimwondoa leo, mtaanza kikao upya, tangazo upya, na Kajiru atakuwa anavuna. Tukaliokoe shamba kwanza. Baada ya hapo, ukitaka bado kupigana na dada yako, mlango wangu unaujua."

Eliezeri akafikiri. Kwa kweli alichotaka zaidi ni kumwona Naetwe akivuliwa ile barua. Lakini akaona picha nyingine: Naetwe amesimama mahakamani hana la kusema, na yeye anaingia na wakili wake, watu wanageuza shingo. Picha hiyo ilikuwa tamu vile vile. Akakubali.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Hakimu alikaa katikati, wazee wa baraza wawili wakakaa pembeni yake, maana pale mila nayo husikilizwa. Mzee Kajiru akasimama, mtu mzima, bila kelele. "Mimi sikuiba, mheshimiwa. Nimepeleka kibuyu miaka ishirini na sita. Mwaka huu nimeambiwa nyumba ile haipokei. Nikakiacha mpakani kama mila inavyotaka. Nifanye nini zaidi?"

Mashahidi wake wakasema vivyo hivyo. Hakimu akamgeukia Naetwe. "Msimamizi, ni kweli ulikataa?"

Naetwe angeweza kusema uongo. Hakusema. "Nilikataa, mheshimiwa. Sikujua ninakataa shamba. Nilidhani ninakataa pombe."

Eliezeri aliyasikia maneno hayo akaona aibu kidogo, ya ukucha tu, kisha wivu ukaifunika. Akamgusa wakili wake. Aikande akasimama.

"Mzee Kajiru, hicho kibuyu ulichokiacha mpakani, kiko wapi?"

Kajiru akakunja uso. "Kesho yake sikukikuta. Nilidhani wachunga mbuzi wamekichukua."

Wakili akawageukia wazee wa baraza. "Wazee wangu, mimi ni mgeni wa mila hii. Kibuyu kilichoachwa mpakani kikiokotwa na mtu wa nyumba ya mwenye shamba, inakuwaje?"

Mzee mmoja wa baraza akajikuna kidevu. "Kinakuwa kimepokelewa. Mpaka ni mlango pia. Lakini nani amekiokota?"

Watu wakatazamana. Hapo Eliezeri akakumbuka jambo. Zizini kwake kulikuwa na kibuyu kilichotundikwa, Zipora alitilia humo chumvi ya ng'ombe. Kibuyu kile hakikuwepo mwaka jana. Akakumbuka pia kwamba wiki ile baada ya mavuno mkewe, mtu wa maneno machache, alikuwa akicheka peke yake akikamua. Akageuza shingo polepole. Zipora alikuwa amekaa pembeni yake, uso mkavu, anamtazama.

Ndugu zanguni, mtu mwingine hapo angemshukuru Mungu. Eliezeri alishika pindo la kitenge cha mkewe. Dume ni lake, wakili ni wake, swali ni lake, na sasa jibu liwe la Zipora? "Kaa," akamwambia chini kwa chini.

Zipora akavuta kitenge chake, akasimama.

"Mheshimiwa, niliokota mimi. Mimi ni mke wa Eliezeri, wa nyumba ile. Nilikuwa natoka kukata majani."

"Ukakifanyia nini?" mzee wa baraza akamuuliza.

"Nikanywa, mzee wangu."

"Chote?"

"Chote. Kwa siku tatu."

Akina mama wa Dorkasi walikuwa wamekaa benchi la nyuma, saba, na vilemba vyao. Hakuna aliyecheka kati yao. Kibuyu kikaletwa, Kajiru akakitambua kwa alama ya moto aliyoichoma mwenyewe shingoni mwa kibuyu. Akakishika, akatikisa kichwa, akasema, "Basi kimepokelewa. Sina neno." Pingamizi likatupwa, na shamba la Ndivani likabaki kwenye orodha ya mali za marehemu Sifueli.

Mngedhani hapo watu wangekumbatiana. Wiki hiyo hiyo ukoo ulikaa kikao cha tatu, na safari hii hapakuwa na nafasi ya kukaa. Mzee Mbonea akafungua muhtasari, akasoma: yeyote wa nyumba hii atakayelitoa shamba kinywani mwa Kajiru. Akauliza, "Nani ameliokoa?"

Naetwe akasimama wa kwanza. "Wazee wangu, mimi nilitembea miezi minane. Bila barua ya usimamizi hapangekuwa na mtu wa kumjibu Kajiru, wala orodha ya kulitia hilo shamba. Wakili sikumchukua, senti ya marehemu sikuigusa. Na siku ile ningesema sikukataa, nani angenipinga zaidi ya majirani wawili? Lakini ningesema uongo, Kajiru angekasirika, na asingekiri kibuyu ni chake. Kesi ilisimama juu ya ukweli wangu."

"Ukweli wako ndio uliotuingiza shimoni," Eliezeri akasema. "Miezi minane unasema wakili wa nini, wakili wa nini. Haya, ni nani aliyeuliza kibuyu kiko wapi? Uliuliza wewe?"

"Lilikuwa swali moja tu, kaka. Hata mimi ningeliuliza."

"Mbona hukuliuliza? Swali hilo nimelinunua kwa dume langu. Zizi langu leo lina pengo, nendeni mkaone. Aliyelipa ndiye aliyeokoa."

Zipora alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Hakusimama. "Swali lisilo na jibu linaokoa nini?" akasema. "Mimi sikusoma fomu, wala sikuuza ng'ombe. Nimeuza jina langu. Dorkasi wameniondoa kwenye uongozi. Kwaya imeniambia nipumzike. Nikipita dukani vijana wananiuliza kama kiu imekwisha. Ng'ombe mwingine atazaliwa, mume wangu. Mimi jina jingine nitalizaa wapi?"

"Wifi," Naetwe akamwambia taratibu, "ulisimama ili kutuokoa, hilo nakushukuru. Lakini hukunywa ili kutuokoa. Ulikunywa kwa hamu yako."

"Kweli," Zipora akajibu. "Na wewe wifi hukukataa kwa busara, ulikataa bila kuuliza. Na mume wangu hakumtafuta wakili kwa ajili ya shamba. Mwulizeni alimwendea kutaka nini. Mwulizeni siku ile ya kibuyu alikuwa barazani anafanya nini."

Watu wote wakamtazama Eliezeri. Macho yake yalikuwa kwa mkewe, na moyo uliomwonea wivu mdogo wake mwaka mzima ulikuwa umehama nyumba. Kibuyu kimoja kishinde dume? Mlevi wa zizini alale na Ndivani, na yeye, mtoto wa kwanza wa Sifueli, awe anaingia humo kama mume wa mwenye shamba?

Mzee Mbonea akakuna kichwa, akawanong'oneza wenzake, wenzake wakamnong'oneza. Mwisho akasema, "Ukoo umeshindwa. Fomu ya mgawanyo hujazwa na msimamizi, si na ukoo. Naetwe, jina la mwenye Ndivani utaliandika wewe."

Fomu ikawekwa mezani. Naetwe akashika kalamu. Akiandika jina lake, watasema amejigawia. Akiandika la kaka yake, atakuwa amelipa kinyongo kwa shamba. Akiandika la wifi yake, nyumba ya kaka yake haitalala usingizi tena. Kalamu ikasimama juu ya karatasi, na yule mwanamke aliyesema miezi minane "wakili wa nini" akainua kichwa, akasema, "Wazee, nipeni siku moja niteremke Same nikamuulize wakili."

"Wakili wangu?" Eliezeri akadakia.

"Wakili atakwambia nani ni mrithi," Mzee Mbonea akamjibu Naetwe. "Nani amestahili, hilo hana kifungu chake. Andika."

Eliezeri akaitazama ile kalamu. Na hapo, mbele ya ukoo mzima, akajijua. Lile shamba hakulitaka sana kama alivyodhani. Alichokuwa anaomba, pale alipoketi, ni kwamba lisiandikwe jina la dada yake, na lisiandikwe jina la mke wake. Kama hayo mawili hayataandikwa, basi hata Kajiru na alichukue.

Mimi naishia hapo, kwa sababu mpaka leo wanaonisimulia wanagombana, kila mmoja na jina lake, na mzee mmoja ameapa kwamba jina lililostahili ni la yule Mchaga aliyelipwa akaondoka zake. Haya, ninyi mnaonisikiliza mna akili zenu. Kuna aliyefanya kazi yote akakosea mara moja. Kuna aliyenyamaza kwa wivu, akalipa kwa wivu, na wivu wake ukaleta swali. Kuna aliyekunywa kwa siri akakiri hadharani. Kalamu nawapa ninyi, na Eliezeri anawatazama mkono. Je, mtaandika jina la nani?